Mashine ya boti inayowaka kwa kuvutwa mara thelathini: mambo ya kupima kabla ya kununua CDI

Msomaji wa Kilindoni, kisiwani Mafia, ameandika hivi: "Fundi, shikamoo. Nina boti ya fiba ya mita saba yenye mashine ya Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, stroke mbili, silinda mbili, ya kuwasha kwa kamba. Niliinunua ikiwa imetumika, na umri wake sasa umepita miaka 15. Wakati wa kusi boti ilikaa nchi kavu miezi miwili, na tangu niishushe majini asubuhi navuta kamba mara 25 hadi 30 ndipo inakubali. Ikishawaka, kwa mwendo mkubwa inakimbia kama zamani, ila kwenye sailensa (mwendo wa chini kabisa, bila akselereta) inasitasita. Nikiizima na kuiwasha ndani ya nusu saa haisumbui. Ikikaa saa tatu, taabu inarudi ileile, hata iwe mchana. Pampu ya mpira naibinya, ingawa siku hizi haiwi ngumu sana. Plagi nimebadilisha mara tatu. Fundi mmoja amesema ninunue CDI, mwingine amesema ringi zimekwisha, na kijana wa boti ya jirani ananishauri ninyunyize dawa ya kuwashia. Nifuate lipi, au niiuze tu?"

Marahaba, ndugu yangu. Kwa wiki hii usinunue CDI (kisanduku cha umeme kinachofyatua cheche), usifungue silinda na usimtafute mnunuzi. Dalili ulizozieleza zinanielekeza kwanza kwenye njia ya mafuta, na hasa kwenye sentensi uliyoiandika kama jambo dogo, kwamba pampu ya mpira haiwi ngumu. Hata hivyo sitaki unyanyue spana kwa sababu mimi nimesema, kwa kuwa kuna hitilafu nyingine mbili zinazoweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Nitakueleza namna ya kuzitenganisha kwa vipimo ambavyo vingi havigharimu kitu.

Tuanze na yale ambayo mashine yenyewe imekwisha kutuambia. Mashine inayokimbia vizuri kwa mwendo mkubwa ina cheche katika silinda zote mbili, pampu yake ya mafuta inafanya kazi, na jeti kubwa ya kabureta, yaani tundu linalopitisha mafuta ya mwendo mkubwa, iko wazi. Enduro 40 ikifanya kazi kwa silinda moja boti ya mita saba ikiwa na mzigo haiwezi kupanda juu ya maji, na ungelijua hilo siku ya kwanza. Pia koili au CDI inayokufa kwa kawaida huharibika zaidi inapopata joto, yaani asubuhi huwaka vizuri, kisha baada ya kukimbia saa nzima huzima na kukataa hadi ipoe. Yako inafanya kinyume chake. Nalo jambo la kwamba taabu inarudi hata mchana, maadamu mashine imekaa saa tatu, linapunguza uwezekano wa kuwa ni umande wa alfajiri kwenye waya na vifuniko vya plagi.

Usikubali pia kuambiwa kwamba ni baridi ya asubuhi. Katika nchi zenye theluji petroli yenyewe hukataa kugeuka mvuke, na mvutaji kamba ana haki ya kulalamika. Mafia alfajiri joto huwa ni nyuzi ishirini na kitu, na katika hali hiyo mashine ya stroke mbili iliyo timamu, hata ikiwa ya zamani, inapaswa kuwaka kwa kuvutwa mara mbili hadi nne.

Sasa kuhusu hitilafu mbili nilizozitaja. Ya kwanza ni koili ya kuchajia iliyo chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka unapovuta kamba. Ikidhoofika, wakati mwingine hushindwa kutoa umeme wa kutosha flaiwili inapozungushwa polepole kwa mkono, lakini mashine ikishawaka mizunguko huwa mingi na udhaifu hujificha. Ya pili ni mgandamizo mdogo katika silinda: ringi za pistoni zilizokwisha huziba vibaya mashine ikiwa ya baridi, na huziba afadhali kidogo ikishapata moto. Kwa hiyo mafundi wako wawili hawakusema mambo ya ajabu. Kosa lao ni kutaja kifaa cha kununuliwa kabla ya kupima chochote.

Kipimo cha kwanza kifanye kesho asubuhi, mashine ikiwa haijaguswa tangu jana. Washa kwa utaratibu wako wa kila siku, lakini ukifika mara ya kumi bila mafanikio, acha. Fungua plagi zote mbili na uziangalie. Zikiwa kavu na hazinuki petroli, mafuta hayafiki ndani, na hakuna CDI duniani itakayowasha silinda isiyo na mafuta. Zikiwa zimelowa chepechepe, mafuta yanafika, na swali linahamia kwenye cheche au kwenye mafuta kupita kiasi. Kama ni kavu, chukua petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, mimina kijiko kimoja cha chai katika kila silinda, rudisha plagi na uvute. Ikishtuka na kuwaka sekunde mbili tatu kisha ikazima, umepata ushahidi mkubwa: cheche ipo, mgandamizo unatosha kuwasha, na kinachokosekana ni mafuta. Usitumie petroli tupu katika jaribio hili, kwa sababu katika mashine ya stroke mbili oili iliyo ndani ya petroli ndiyo inayolainisha pistoni na beringi, na petroli tupu huiosha oili hiyo.

Kipimo cha pili ni chepesi zaidi na kinahitaji mtu wa kukusaidia. Wewe vuta kamba, naye aendelee kubinya pampu ya mpira kwa mfululizo. Kama mashine iliyokuwa ikikataa inawaka kwa kuvutwa mara tatu nne, tatizo liko baina ya tangi na kabureta. Kisha, ikiwa kwenye sailensa inasitasita, mwambie abinye tena. Ikitulia kila anapobinya, hiyo ni dalili nyingine ya upande uleule.

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi. Pampu ya kubinya, ile ya mpira yenye umbo la yai, ina vali mbili ndogo ndani yake, moja ya kuingizia na moja ya kutolea. Mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye mashine, na unapobinya uishike wima, mshale ukitazama juu. Ikiwa nzima hujaa na kuwa ngumu mkononi baada ya kubinywa mara chache, kwa kuwa bakuli la kabureta limejaa, boya limepanda na sindano imefunga njia. Isipokuwa ngumu hata kidogo, ama inavuta hewa badala ya mafuta, ama vali zake zimechoka na petroli inarudi ilikotoka. Ikiwa ngumu kisha ikalegea ndani ya dakika moja, angalia mdomo wa kabureta: petroli ikidondoka hapo, sindano ya boya haizibi, pasipodondoka kitu, mafuta yanarudi kwenye tangi.

Kurudi huko kwa mafuta kunaeleza vizuri hadithi yako ya saa tatu. Ukiizima mashine na kuiwasha baada ya nusu saa, bakuli la kabureta bado lina petroli na mpira wa kupitishia mafuta umejaa. Ikikaa muda mrefu, mafuta ya kwenye mpira yameteremka hadi kwenye tangi lililo chini, na joto la mashine iliyozimwa limepunguza yale yaliyokuwa kwenye bakuli. Unapovuta kamba mara 25, huenda kazi kubwa unayoifanya ni kuyapandisha tena mafuta kwa nguvu za mkono wako.

Anza kwenye tangi lenyewe. Skrubu ya kupitishia hewa iliyo kwenye kifuniko iwe wazi wakati wa kazi. Chomoa bomba la kunyonyea na uangalie kichujio chake cha chini, maana tangi lililokaa miezi miwili hukusanya utando na chembe za kutu au plastiki. Fuata mpira inchi kwa inchi ukiukunja kwa vidole, ukitafuta nyufa hasa karibu na vibanio, kwa kuwa jua la pwani hukausha mpira upande wa nje na petroli huulainisha upande wa ndani. Kisha ukague viungio vya kuchomeka, cha kwenye tangi na cha kwenye mashine. Ndani ya kila kimoja kuna oringi ndogo (pete ya mpira ya kuzibia), na oringi hiyo ikikakamaa inaweza kuruhusu hewa kuingia bila tone la petroli kutoka. Hili huwapotosha wengi: hawaoni uvujaji, wanaamini mpira ni mzima. Njia nzuri ya kuhakikisha ni kuunganisha kwa muda kipande cha mpira mwangavu unaostahimili petroli, baina ya pampu ya kubinya na mashine, na kutazama. Mapovu yanayopita mfululizo ni hewa inayonyonywa mahali fulani nyuma yake.

Niliwahi kuletewa mashine ya aina hiyohiyo ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kununua CDI, koili na seti mbili za plagi kwa ushauri wa watu mbalimbali. Kilichoiponya ni oringi ya kiungio cha tangi. Tangu hapo sigusi kitu cha umeme kabla ya kuona mafuta yakipita kwa macho yangu.

Ukishamaliza mpira, fungua kichujio kidogo kilicho kwenye mashine na uimimine petroli yake katika chupa angavu. Maji huzama chini na kuonekana kama matone yanayotembea. Baada ya hapo kagua pampu ya mafuta ya mashine, ambayo huendeshwa na msukumo wa hewa kutoka kwenye krankikesi (chumba kilicho chini ya pistoni) kupitia dayaframu, yaani utando mwembamba. Dayaframu iliyokakamaa husukuma kwa uvivu mashine inapozungushwa polepole, nayo iliyotoboka hupitisha petroli ghafi moja kwa moja hadi ndani ya krankikesi na kulowesha plagi. Katika mashine ya umri huo, ikiwa hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe tu.

Petroli yenyewe nayo ina neno lake. Kama uliyotumia kushusha boti ndiyo ileile iliyokaa kwenye tangi tangu kusi, imwage, au umpe mwenye matumizi mengine. Sehemu nyepesi za petroli, zile zinazogeuka mvuke upesi na kuiwasha mashine ya baridi, ndizo zinazotoka kwanza inapokaa; inayobaki huungua vizuri mashine ikiwa na moto, lakini kuwashia haifai. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta dalili ileile kabisa. Mwaka 2011 Serikali yetu ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya uchakachuaji, lakini petroli inayouzwa kwa dumu na chupa hupita mikono mingi kabla ya kufika ufukweni, na anayeitegemea baharini hana budi kuipima. Dondosha matone kadhaa kwenye karatasi nyeupe kabla hujachanganya oili: petroli safi hukauka upesi na kuacha alama hafifu au isiache kabisa, ilhali yenye mafuta ya taa huacha doa la unyevu linalokawia.

Kuhusu oili, hukuniambia unapima vipi, nami nina hofu kwamba unakadiria kwa jicho, kama wengi. Kwa Enduro iliyokwisha kupita kipindi cha kulainika, kipimo ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, au mililita 480 kwa tangi la lita 24. Kuzidisha oili kwa nia ya kuilinda mashine huchafua plagi na kuzuia kuwaka, na huenda ndiyo sababu plagi ulizobadilisha mara tatu hazikudumu. Oili iwe ya mashine za majini, yenye alama ya TC-W3. Ya pikipiki hutengenezwa kwa injini zenye joto jingine na huacha majivu. Plagi nazo zinunuliwe kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, siyo kwa kufanana umbo. Katika plagi za NGK, namba kubwa humaanisha plagi ya baridi zaidi, hivyo 8 ni ya baridi kuliko 7, na plagi ya baridi kupita inavyotakiwa hujaa masizi kwenye sailensa. Kiambishi cha 10 mwishoni humaanisha mwanya wa milimita 1.0.

Sasa kabureta. Kabla ya kuifungua, ondoa kava la mashine na kifuniko cha njia ya hewa, vuta kitufe cha choki hadi mwisho, na uangalie kwa tochi kama kile kibati kinaziba mdomo wa kabureta kabisa. Nimeona choki nyingi ambazo kitufe kinatoka chote huku kibati kikiishia nusu ya njia, kwa sababu ya kutu kwenye mhimili au kiungo kilichopinda. Choki ya nusu haivuti mafuta ya kutosha kwa mashine ya baridi, nayo haina athari yoyote mashine ikiwa na moto. Unaona inavyofanana na hali yako. Kuinyoosha na kuipaka grisi ni kazi ya dakika kumi.

Kusitasita kwenye sailensa, kwa upande wake, kunaitaja jeti ndogo. Mkondo wake ndio unaolisha mashine kwenye mizunguko ya chini, na tundu lake ni jembamba sana. Petroli iliyokaa miezi miwili kwenye bakuli hukauka na kuacha utomvu, oili hubaki nyuma ikiwa nzito, na jeti ndogo huziba kabla ya kubwa. Ishushe kabureta, ifungulie juu ya sinia au kitambaa cheupe ili kisipotee kitu, na kabla ya kuondoa skrubu ya hewa ya sailensa izungushe kuelekea ndani taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uandike hesabu hiyo, ndipo uitoe. Asiyehesabu hujikuta anaanza kubahatisha. Loweka jeti katika dawa ya kusafishia kabureta, au katika petroli safi ukikosa, kisha pitisha uzi mmoja mwembamba wa nailoni ya mshipi na upulize kwa pampu ya upepo. Usipitishe waya wa chuma: jeti ni ya shaba nyeupe, chuma huikwaruza, na tundu likiongezeka hata kidogo vipimo vyote vinaharibika. Pulizia pia vijia vilivyo ndani ya mwili wa kabureta, maana jeti safi iliyofungwa kwenye kijia kilichoziba haisaidii. Angalia ncha ya sindano ya boya. Ikiwa na alama ya mkwaruzo wa mviringo, ibadilishe pamoja na gasketi.

Dawa ya kunyunyizia usiitumie. Haina oili, huungua kwa kishindo, na katika stroke mbili inapita kwenye krankikesi na kuosha beringi kabla ya kufika juu ya pistoni. Mashine inayozoeshwa dawa hiyo hufa kwa ringi na beringi, na hapo yule fundi wa ringi atakuwa amesema kweli kwa kuchelewa.

Ikiwa plagi zako za asubuhi zilikuwa zimelowa, au umesafisha njia yote ya mafuta na taabu ikabaki, nenda kwenye cheche. Ipime jioni kukiwa na giza. Kuiona cheche kwenye plagi iliyolazwa juu ya silinda hakutoshi, kwa kuwa kuruka mwanya wa milimita moja katika hewa ya kawaida ni kazi rahisi kuliko kuruka ndani ya hewa iliyogandamizwa. Tengeneza kipimo cha misumari miwili iliyopigiliwa kwenye ubao, ncha zake zikitazamana kwa umbali wa milimita 8 hadi 9, msumari mmoja ukiungwa na waya wa plagi na mwingine na chuma cha mashine. Waya wa plagi ya pili uuguse kwenye chuma vilevile, kwa kuwa CDI inayofyatua bila njia ya kupitishia umeme inaweza kuungua. Ubao uwe mbali na matundu ya plagi, na mafuta yaliyomwagika yafutwe kwanza, kwani mvuke wa petroli hulipuka. Vuta kamba kwa nguvu yako ya kawaida. Cheche ya buluu inayolia kwa mlio mkali na kuruka mwanya huo kila mara ni nzuri. Ya njano, nyembamba au inayoruka mara moja na kuacha mara mbili ni dhaifu.

Ikiwa ni dhaifu kwa silinda zote mbili, bado usikimbilie CDI. Tenganisha kwanza waya za swichi ya kuzimia, ambazo katika mashine za Yamaha ni mweupe wa kuzimia na mweusi wa chasi. Swichi iliyoingiwa na chumvi huvujisha umeme kidogokidogo kwenda kwenye chasi na kuipunguza cheche bila kuiua. Pima tena, ikirudi kuwa na nguvu, umepata mkosaji wa bei nafuu sana. Kumbuka tu kwamba mashine ikiwaka katika hali hiyo kitufe hakitaizima, kwa hiyo utaizima kwa kuvuta choki. Usitoke nayo baharini hivyo, kwa sababu kamba ya usalama ya nahodha inategemea swichi hiyohiyo. Swichi ikiwa nzima, koili ya kuchajia na ile ndogo ya kutoa ishara zipimwe omu zake kwa mita na kulinganishwa na kitabu. CDI yenyewe haipimiki kwa uhakika kwa mita ya kawaida, lakini ninyi mna bahati moja: Enduro 40 zimejaa ufukweni. Mwombe mwenye mashine ya toleo lilelile akuazime yake kwa dakika kumi. Ikiwa cheche haibadiliki, umeokoa fedha nyingi. Ikibadilika, nunua ukiwa na hakika, na ununue kwa muuzaji atakayekubali kuipokea ikiwa bandia.

Mgandamizo nimeuweka mwisho kwa kuwa unahitaji geji, ingawa kuipima hakuchukui zaidi ya robo saa. Fundi wa pikipiki anaweza kuwa nayo. Hakikisha tu mdomo wake una uzi wa milimita 14 kama plagi zako. Toa plagi zote mbili, gusisha waya zake kwenye chuma, fungua akselereta yote, kisha vuta kamba mara tano au sita kwa kila silinda mpaka mshale wa geji usipande tena. Mashine nyingi za aina hii zikiwa timamu husoma baina ya psi 90 na 130, na jambo linalonihangaisha zaidi ya namba yenyewe ni tofauti baina ya silinda, ambayo isizidi asilimia kumi hivi. Silinda moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili ndani yake na upime upya. Ikipanda sana, oili imesaidia ringi kuziba, na ringi au ukuta wa silinda ndiyo yenye kasoro. Isipopanda, shuku gasketi ya kichwa. Usikubali kufunguliwa silinda na mtu ambaye hajakuonyesha namba hizi.

Kuna sehemu moja zaidi ambayo fundi mzuri ataitazama ikiwa vipimo vyote vimetoka vizuri na taabu ipo: vibati vya ridi vilivyo nyuma ya kabureta. Kibati kilichopasuka au kisicholala sawasawa huruhusu mchanganyiko kurudi nje badala ya kubanwa ndani ya krankikesi, na utaona petroli ikitemwa kwenye mdomo wa kabureta kila unapovuta kamba. Sili za krankshafti zilizochoka nazo huleta taabu ya namna hiyo, lakini huwa pia zinauharibu mwendo wote, jambo ambalo kwako halipo.

Mpaka utakapomaliza, washa kwa namna hii ili usijichoshe wala kuifurikisha mashine: gia katikati, upumuo wa tangi wazi, binya pampu hadi iwe ngumu, choki yote nje, akselereta kwenye alama ya kuwashia. Vuta kamba polepole mpaka uhisi meno yameshika, ndipo uvute kwa nguvu moja, ndefu, bila kukatisha. Mara mashine inapokohoa, rudisha choki nusu na uvute tena. Na mpaka iwe inawaka kwa kuvutwa mara zisizozidi nne, kwa siku kadhaa mfululizo, usivuke nayo kwenda Nyamisati ukiwa na abiria. Mashine iliyozimika katikati ya mkondo, ikakaa saa tatu, itakudai kamba 30 wakati huna utulivu wa kuzivuta.

Uliuliza pia kama uiuze. Hilo utaliamua kwa geji. Ukipata 110 kwa silinda moja na 105 kwa nyingine, una mashine ambayo bado ina miaka ya kazi mbele yake, na kinachoisumbua ni mipira, oringi na uchafu wa miezi miwili. Ukipata 110 na 70, nitumie namba hizo pamoja na matokeo ya kijiko cha oili na picha ya plagi zote mbili, nami nitakueleza kama inafaa kuchongwa silinda au la.